Kozi ya usimamizi wa miradi pale town: yafaa, ila siku ya mwisho wameiharakisha

Kwa wenye haraka: kozi yafaa, pesa yake yarudi, mwalimu yuko sawa sana, lakini siku ya mwisho ambayo ndiyo iliyokuwa na mambo waliipitisha mbio mbio kama watu wanaowahi feri Likoni, na hapo ndipo nimewakata nyota. Kwa tano nawapa tatu na nusu. Ambao hawana haraka tuendelee.

Jina la chuo silitii hapa. Kasoro zao nimewaambia wenyewe ana kwa ana na wakaniomba niwape mpaka darasa lijalo warekebishe, naona ni haki. Ni mojawapo ya zile sehemu za mafunzo mafupi zilizo ghorofani katikati ya mji wa Mombasa, chini kuna maduka ya simu na jamaa wa madafu, ukimaliza ngazi ushatota jasho. Ada ni 18,000, walipa kwa mafungu mawili, na masomo ni ya Jumamosi. Anayetaka jina aniulize inboksi.

Mimi kazi yangu ni mahema, majukwaa na stendi. Harusi, maulidi, mikutano ya makampuni, uzinduzi wa bidhaa, na mwaka ukizunguka shoo ya ASK, yale maonyesho ya kilimo pale Mkomani, ndio msimu wangu mkubwa. Shoo ikikaribia nakusanya watu, seremala wawili watatu wa Kisauni, fundi wa kuchomelea yuko Changamwe, wa umeme Likoni, wa mabango, vijana wa kubeba, na mama wa chakula. Kwa zile wiki sisi ni kampuni kabisa, tuna bosi, tuna stoo, tuna mtu wa pesa, tuna hata mwizi wetu. Shoo ikifungwa kila mtu na njia yake, mwaka ujao narudi kuwatafuta nusu yao wamebadilisha namba. Sasa hili neno "usimamizi wa miradi" huku kwetu tumezoea kulisikia likitajwa kwa reli, barabara na wafadhili wenye gari nyeupe. Mtu wa mahema aende kufanya nini huko? Ni mke wangu aliyeniambia nenda, wewe kila mwaka wafungua kampuni na kuifunga, kajifunze angalau kuifunga vizuri. (Kumbe alikuwa ameona mbele kuliko silabasi yao, ntakuja hapo.)

Jambo la kwanza lililonifanya nisiangalie simu ni kwamba mwalimu hakuanza na zile chati za mistari. Kozi nyingi za hivi ukiingia tu wakuonyesha chati ya Gantt, ile ratiba ya kazi ya kuchora, vibox vya rangi, siku inaisha. Huyu ni mama wa makamo, darasani tulikuwa twamwita Mwalimu na wengine Mama, amefanya kazi bandarini miaka mingi na baadaye miradi ya wafadhili huko Kwale na Kilifi. Akauliza, mradi ni nini? Watu wakajibu kazi, tenda, pesa ya mzungu, kila mtu na lake. Ndio akaeleza kwamba Wamarekani wa PMI, chama cha wasimamizi wa miradi kilichoanzishwa 1969, wao husema mradi ni shughuli ya muda, yenye mwanzo na mwisho, ya kutoa kitu ambacho ni cha aina yake. Waingereza na PRINCE2 yao, njia yao ya kuendesha miradi iliyotoka 1996 baada ya PRINCE ya kwanza ya 1989 ambayo serikali yao iliitumia kwenye mambo ya kompyuta, wao husema mradi ni shirika la muda, limeundwa ili litoe kitu fulani kwa sababu fulani ya kibiashara iliyokubaliwa.

Ukisikia hivyo wafikiri ni maneno tu ya wasomi. Lakini akatuuliza, ukiiona ni shughuli utashughulika na nini? Orodha ya kazi, tarehe, bajeti. Na ukiiona ni shirika? Hapo inabidi uulize bosi ni nani, mwenye mradi ni nani na ndiye huyo huyo anayelipa ama ni mwengine, huyu fundi anamsikiliza nani zaidi, ugomvi ukitokea unaamuliwa wapi, na shirika likivunjwa vitu vyabaki kwa nani. Wallahi niliandika yote hayo nyuma ya risiti kwa sababu notsi walikuwa bado hawajatupa. Kwa mtu wa biashara ndogo kama mimi hayo maswali yana pesa ndani yake. Orodha ya kazi kila fundi anayo kichwani. Ugomvi wa nani aliahidi nini ndio hula faida.

Baadaye akatuletea wasomi wawili wa Uswidi, Rolf Lundin na Anders Söderholm, ambao mwaka 1995 walitoa nadharia ya shirika la muda wakalisimamisha juu ya nguzo nne: muda, kazi, timu na mageuzi. Kozi yote imejengwa juu ya hizo nne, na ni mpango mzuri kwa sababu darasa letu lilikuwa mchanganyiko. Dada wa Mji wa Kale anayesimamia harusi, jamaa wa clearing anayetoa mizigo bandarini, fundi mjenzi, kijana wa IT wa benki, mtu wa matengenezo wa hoteli ya Diani, na mabwana wawili walioletwa na ofisi zao ambao walikuwa wasinzia. Kila mmoja aliona kazi yake pale ndani.

Kwenye muda tulikaa sana na ilifaa. Kampuni ya kawaida muda wake wazunguka, mwezi ukiisha unakuja mwengine, mishahara, kodi, stoki, tena upya. Mradi muda wake wahesabiwa kwenda nyuma kutoka mwisho. Dada wa harusi akasema yeye hilo analijua tangu zamani, nikaha ikishatangazwa ni Ijumaa haisogei, ukoo ushapanda basi kutoka Lamu, kwa hivyo waanza na Ijumaa warudi nyuma, Alhamisi kupamba, kabla yake hina, nyama iwe imefika lini, sufuria za biriani zitoke kwa nani. Yule wa Diani akaleta ya kwake, hoteli za pwani zinafanya ukarabati mkubwa wakati wa masika kwa sababu wageni ni wachache, ila masika hiyo hiyo ndiyo mvua, unapaka rangi na kuta zimelowa, na Julai wageni wanarudi utake usitake. Yaani dedilaini imewekwa na hali ya hewa na kalenda ya shule za Ulaya, meneja wa mradi hana sauti. Mwalimu akatupa na ile ya SGR, reli mpya ya Nairobi, ilizinduliwa hapa Mombasa 31 Mei 2017, siku moja kabla ya Madaraka, na treni yenyewe ikaitwa Madaraka Express. Akasema angalieni siku zote tarehe ya mwisho imetoka wapi, kwa mhandisi, kwa mteja, kwa msimu ama kwa siasa, maana kila moja ina njia yake ya kuomba siku zaidi na nyengine hazina njia kabisa.

Hilo nimelifanyia kazi mara moja. Stendi za shoo haziombewi siku, geti linafunguliwa na raisi ama gavana yuko njiani. Lakini hema la kampuni la "kumshukuru mteja" laweza kusogea, na wateja wa aina hiyo sasa nawapa bei nyengine.

Kwenye kazi ndipo palipozuka ubishi mzuri. Jamaa wa clearing alisema kila kontena kwake ni mradi, lina mwanzo na mwisho, lina mteja, lina presha. Mwalimu akamwambia la, baba, kontena la nguo ama vipuri ni kazi yako ya kila siku, hatua zake zajulikana, mtu wako wa juzi aweza kuifanya. Akamuuliza, na ukiletewa transfoma ya uzito mkubwa iende Uganda je? Jamaa akanyamaza kisha akacheka. Maana hapo wahitaji lori maalum la magurudumu mengi, kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, wale wa barabara kuu, watu wa kukagua madaraja na kona, gari za kusindikiza, bima yake, na kundi la watu ambao hujawahi kufanya nao kazi. Hiyo waiundia shirika lake. Kontena la vipuri ukiliundia shirika utakuwa walipa watu kukaa mikutanoni. Nilipenda kwamba hakutuambia kila kitu duniani ni mradi, maana hao wauza kozi wengine ndio wimbo wao.

Somo la timu kwangu ndilo lililolipa ada yote. Kuna utafiti wa 1996 wa Debra Meyerson, Karl Weick na Roderick Kramer kuhusu imani ya haraka, yaani watu wasiojuana wanaokutana kwa kazi ya muda hawana nafasi ya kujengana kidogo kidogo, kwa hivyo wanaaminiana kwa cheo cha mtu. Wewe ni mpishi, basi najua utapika, sikuulizi ulizaliwa wapi. Wewe ni wa umeme, nakupa kebo. Dada wa harusi akatoa mfano wa usiku wa kupamba, mpambaji na watu wake, mpishi na wake, wa kamera, wa taarabu, hakuna anayemjua mwenziwe na mambo yaenda, lakini mmoja akichelewa saa mbili tu wote wanaanza kukaguana, mpishi ataka alipwe kwanza, wa kamera hataki kuacha mashine zake. Imani hiyo inakuja haraka na kuondoka haraka. Mwalimu akasisitiza kwamba kwenye pesa imani ya haraka haifanyi kazi, hapo andika. Karatasi moja ama ujumbe wa WhatsApp wenye kiasi na tarehe, mtu ajibu "sawa", ushamaliza.

Halafu kijana wa benki akaleta tatizo ambalo nilidhani ni la watu wa tai peke yao. Yeye ameazimwa na idara yake kwa mradi wa kubadilisha mfumo, lakini tathmini yake ya mwisho wa mwaka inafanywa na bosi wake wa zamani ambaye mradi haumhusu. Kwa hivyo akiitwa na huyu na kuitwa na yule, yuwaenda kwa anayeandika tathmini. Na mimi nikaona wa umeme wangu ndiye huyu. Ana kazi yake ya kudumu kwenye jengo fulani, kwangu ni jioni na wikendi, simu ikilia kutoka kule yuwaondoka hata kama stendi iko gizani. Dawa aliyotupa Mwalimu ni nyepesi, mtafute huyo bosi mwengine kabla, si baada, mkubaliane masaa. Nilimpigia mwenye jengo. Mzee wa watu hakuwa na neno, akasema tu niwe nikimwambia mapema.

Hapo hapo kwenye timu wakaingiza sheria, na nawapa heko, kozi za bei hii huwa hazigusi. Fundi mjenzi alianza:

"Mama, mimi vibarua wangu huwalipa jioni kwa jioni, mambo ya mikataba siyajui."

"Kazi uliyo nayo sasa yachukua muda gani?"

"Ah, ni ghorofa ya tajiri mmoja Nyali, miezi sita ikienda vizuri."

"Na vibarua ni wale wale?"

"Wale wale. Nimtoe wapi mwengine anayejua kupiga plasta kama yule?"

"Basi si vibarua tena babangu. Kasome kifungu cha 37."

Ni Sheria ya Ajira ya 2007. Kibarua akikufanyia kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, ama kazi yenyewe kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria yaweza kumhesabu ni mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinafuata. Mradi kuwa wa muda hakukuondolei kuwa mwajiri. Darasa lilinyamaza kidogo, unaona watu wanapiga hesabu ndani ya vichwa. Fundi alitoka nje kupiga simu.

Sasa kasoro, na ntaanza na ndogo. Notsi ni fotokopi za fotokopi, mifano yake ni ya viwanda vya Ulaya na mradi wa kusafisha theluji, mtu wa Diani akauliza hii ya theluji tuiweke wapi. Mwalimu mwenyewe alikuwa haitumii, asemayo ni mazuri kuliko yaliyoandikwa, lakini ukikosa Jumamosi moja ukabaki na notsi peke yake umekula hasara. Projekta yao ina doa la kijani. AC ya chumba kimoja yafanya kazi na cha pili ni feni ya ukutani yenye kelele, wakikupeleka cha pili lalamika. Somo la kompyuta walituonyesha Microsoft Project kwa laptopu moja watu wote tumeinama, haikumsaidia mtu, Mwalimu mwenyewe akasema kwa kundi la watu 15 Excel na grupu la WhatsApp lenye adabu vyatosha. Nakubaliana naye, ila basi toeni hilo somo mtupe masaa.

La pili ni la dada wa mapokezi, ama niseme aliyemfundisha kuongea. Aliniambia cheti chao "ni sawa na PMP". Si sawa, hata kidogo. PMP ni mtihani wa PMI wenyewe, na kabla ya kukubaliwa kuufanya wataka masaa 35 ya mafunzo na miaka ya kuongoza miradi ambayo waiandika na wanaweza kukukagua. Kozi hii labda itakusaidia kwenye masaa, na hata hapo uliza kwanza kwa maandishi kama inahesabika. Mwalimu alipoulizwa darasani alisema ukweli bila kuzunguka. Kwa hivyo ndani ni waaminifu, mlangoni ndio kuna maneno mengi.

Kubwa ni nguzo ya nne, mageuzi. Hapo ndipo nililipia hasa. Hao Waswidi wanasema shirika la muda lipo ili libadilishe kitu, kuwe na kabla na baada, na likimaliza livunjike na kile kilichopatikana kiingie kwenye maisha ya kawaida. Jumamosi ya mwisho ilitakiwa iwe hii siku nzima. Badala yake asubuhi yote ikaenda kwa hotuba ya mkurugenzi, picha, na fomu za maoni tulizojaza kabla hata somo halijaisha (!), mageuzi yakabakiziwa saa moja na nusu hivi kati ya chai na adhuhuri, na baada ya sala ni vyeti na kwaheri. Kozi ya kufundisha miradi kwisha vizuri, yenyewe ikaisha vibaya. Nilimwambia Mwalimu, akacheka akasema hilo mwambie mkurugenzi, nikamwambia.

Na hata kwa hiyo saa moja na nusu alitupa vitu. Alimtaja Mats Engwall, Mswidi mwengine, ambaye mwaka 2003 aliandika kwamba hakuna mradi ulio kisiwa, darasa zima la watu wa kisiwani likaangua kicheko, lakini hoja ni kwamba mradi haushuki kutoka mbinguni, una historia kabla yake na majirani pembeni na una watu watakaobaki baada yake. Akachukua reli ya kwanza, ile iliyoanza hapa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Walileta watu zaidi ya 30,000 kutoka India kwa mikataba ya muda, shirika zima la kujenga, lenye kambi na hospitali na karakana. Reli ilipofika ziwani lile shirika la kujenga likaisha kazi na likabaki shirika la kuendesha, ambalo ni kitu kingine kabisa. Wengi wa wale watu walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, na mpaka leo nchi hii yaonekana ilivyo kwa sababu ya waliobaki. Hakuna chati iliyokuwa na mstari wa hilo. Ningemsikiliza siku nzima.

Kilichokosekana ni mikono, yaani kuyafanyia mazoezi. Mradi wa maji kijijini ukiisha, ofisi ikafungwa na gari ikarudi Nairobi, pampu ikiharibika nani ana spea na nani ana funguo? Mwalimu ameishi hayo huko Kwale na aligusa tu. Jengo likikabidhiwa, kwenye mikataba ya ujenzi huwa kuna asilimia ya pesa inayozuiliwa mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, sasa kontrakta ashavunja timu na wa bomba yuko Malindi, nani atarudi kuziba? Hesabu yake yafanywa siku ya kwanza ama siku ya mwisho? Kamati ya harusi ikivunjika, dada alitaka kuuliza kuhusu sufuria za kuazima zisizorudi na deni la barafu ambalo kila mtu anasema si lake, muda ukawa hakuna. Grupu la WhatsApp linafungwa ama linaachwa mpaka mtu aanze kuposti matangazo ya mikopo? Utacheka lakini namba za mafundi wazuri zote ziko humo, na picha za jinsi kitu kilivyofungwa. Mradi ukiisha ujuzi unaondoka na miguu ya watu, na kwa sisi tunaorudia kazi ile ile kila mwaka na watu tofauti hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Hata lile la cheti cha huduma halikutajwa, mimi ndiye niliyeliuliza. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo chasema mfanyakazi akiondoka mwajiri ampe cheti cha huduma, isipokuwa kama kazi haikufika wiki nne mfululizo. Kwa kijana wa saiti hiyo karatasi ni mali, mradi wenyewe haupo tena kesho wa kuulizwa, kitakachosema alikuwepo ni hiyo karatasi peke yake.

Nimewaambia wakate somo la Microsoft Project, wakate hotuba, wachukue Jumamosi nzima, na kila mwanafunzi aje na mradi wake uliowahi kufungwa wauchambue. Mkurugenzi aliandika. Tutaona.

Kwa upande wangu, shoo iliyofuata nilifanya karatasi moja tu, kila fundi akapata nakala. Juu imeandikwa bosi ni nani na akikosekana ni nani, chini yake tarehe ya kuanza na ya kuvunja, na sehemu ya tatu ndiyo niliyoitunga mwenyewe kwa sababu ya ile siku iliyoharakishwa: mbao zinazobaki zaenda wapi, nani anajibu simu ya mteja kwa wiki mbili baada ya geti kufungwa na analipwa kiasi gani kwa hilo, nani anahifadhi picha na vipimo. Seremala mmoja alisema mambo yamekuwa ya kizungu. Lakini mbao mara hii zilihesabika, na mteja mmoja ambaye bango lake liling'oka na upepo wa kusi siku ya kubomoa alikuwa na mtu wa kumpigia ambaye si mimi. Sidai kwamba faida imeruka, sijaipima hivyo. Usingizi ndio umeongezeka.

Mengine ya huduma kwa ufupi. Chai ya saa nne imo kwenye ada, mahamri na mbaazi, kuna Jumamosi mbaazi zilikwisha kabla ya watu wa nyuma kufika kwa hivyo keti mbele. Sala wanazingatia, chumba cha akina mama kipo na ni safi. Gari usije nalo, hakuna pa kuliweka na askari wa kaunti hawachelewi kufunga gurudumu, panda matatu ama tuktuk. Wanaotoka Likoni Mwalimu anawavumilia wakichelewa, anajua feri. Risiti ya fungu la kwanza nilipewa palepale, ya pili nilikumbusha, ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Nani aende? Wewe mwenye kazi zinazoanza na kuisha na watu wasiokuwa wako, mjenzi, wa harusi, wa hoteli, wa programu za kompyuta, wa mizigo mikubwa, nenda. Ofisi ikikuleta na hutaki, kaa nyumbani, wale mabwana wawili walisinzia mpaka siku ya vyeti. Na anayetafuta PMP moja kwa moja atafute mahali pengine, hapa atapoteza muda.

Darasa lijalo wanasema laanza Jumamosi ya pili baada ya Idd, saa tatu asubuhi. Ukifika saa tatu utawakuta bado wafagia, njoo tatu na nusu.